Kijisanduku si Kirangozi

Katika mkutano mmoja wa walimu na wanafunzi, ambao sina haja ya kuutaja, nilimsikia kijana mwenye akili njema akisoma insha yake juu ya safari za baiskeli katika njia ya kale ya misafara, ile itokayo Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Ugogo hata Tabora, kisha ikashuka Ujiji. Insha ilikuwa nzuri, na lugha yake ilikuwa safi. Walakini ilipokaribia mwisho ilitamka neno ambalo limenikosesha raha tangu siku ile: kwamba kifaa cha mkononi cha GPS, kile kijisanduku kifungwacho juu ya usukani wa baiskeli, ndicho kirangozi wa zama zetu. Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga, na kwa kuwa muda wa maswali ulikuwa umekwisha, naomba nafasi katika kurasa hizi nieleze kwa nini mikono yangu ilikataa.

Nakiri kwanza kwamba mimi si adui wa kifaa hicho. Ninacho, nilikinunua kwa fedha yangu, na nimezunguka nacho nchi ya Unyamwezi kwa baiskeli zaidi ya mara moja. Basi asije mtu akanihesabu miongoni mwa wale wachukiao kila kitu chenye betri. Hao nao nitawafikia mbele, wala sitawaonea huruma.

Mwezi wa Machi uliopita, mimi na wanafunzi wawili tulikuwa Nzega, tukijiandaa kwenda Choma. Choma ninayoisema ni ile ya wilaya ya Igunga, katika mkoa wa Tabora, kaskazini ya barabara kuu. Haikupata sifa ya Tabora wala ya Ujiji; wageni walioandika vitabu vya safari katika karne ya 19 hawakuipa sura. Sisi tulikwenda huko kuandika maneno ya watu wachukuao magunia ya mpunga kwa baiskeli. Usiku wa kuamkia safari niliandika jina la Choma katika kijisanduku changu. Kikafikiri kidogo, kikaleta jibu: Choma, zaidi ya kilometa 1,500, upande wa kusini-magharibi. Huo ni mji mkuu wa Jimbo la Kusini la Zambia, nami sina ugomvi na watu wake. Lakini Choma yetu haikuwamo kabisa. Mwanafunzi mmoja akacheka, akasema, "Mwalimu, kirangozi wako ametoroka na mzigo." Hilo lilikuwa neno la misafara, na lilitumika mahali pake.

Tukatafuta ramani ya karatasi, ya zile zilizopigwa chapa na serikali zamani kwa kipimo cha moja kwa elfu hamsini. Tukaona humo kivuko cha kijito kimoja njiani, tukasoma digrii zake za latitudo na longitudo, tukaziingiza katika kijisanduku, tukalala tukiwa na amani ya watu waliokwisha kushinda.

Hapa nasimama kidogo nimtaje kirangozi, maana jina lake limechezewa. Kirangozi alikuwa kiongozi wa msafara, aghalabu Mnyamwezi, naye alitembea mbele ya watu wote akiwa amevaa nguo nyekundu na manyoya kichwani, na bendera ikipepea. Mtu aliyemtangulia njiani alitozwa faini. Alijua kisima kipi hukauka mwezi gani. Alijua ni kwa mtemi yupi patakuwa na mabishano ya hongo, neno ambalo zama zile lilikuwa na maana ya ushuru wa njia na leo limeharibika tabia. Njia ilipogawanyika, aliweka matawi au alichora mstari kwa mguu katika ile isiyofaa, ili watu wa nyuma, ambao pengine walikuwa mwendo wa saa nzima nyuma yake, wasipotee. Kwa maneno mengine alikuwa mtu mwenye dhamana. Alipokosea, alikosea mbele ya macho ya wapagazi waliolala na kiu kwa ajili yake, na usiku ule ule aliyasikia maneno yao.

Sasa tukitazame kijisanduku. Juu yetu, kiasi cha kilometa 20,200, huzunguka setilaiti zaidi ya 24, kila moja imechukua saa ya atomi. Setilaiti haina mazungumzo mengi: husema iko wapi na ni saa ngapi, basi. Kijisanduku husikiliza nne au zaidi, hupima kila ishara imechelewa kiasi gani njiani, hufanya hesabu, kisha humwambia mtu mahali aliposimama, kwa kosa la meta chache. Saa zile za juu huenda mbio kuliko saa za ardhini kwa sehemu 38 za milioni za sekunde kila siku, na kama zisingerekebishwa, kosa lingekua kwa kilometa kama kumi kwa siku. Hii ni elimu kubwa, nami naiheshimu. Lakini angalia swali linalojibiwa. Swali ni, "Niko wapi?" Halikuwa kamwe, "Nipite wapi?" Mshale uonekanao kiooni ni hesabu ya pembe kati ya nukta mbili. Haujui tope, haujui mpunga wa mtu, haujui kwamba daraja lilichukuliwa na maji juzi. Hata zile ramani za njia zitiwazo ndani yake ni kazi ya wanadamu waliopita au waliotazama picha za angani. Walipokosa kupita wao, kijisanduku nacho ni kipofu.

Tena mpango wenyewe ni mali ya serikali ya Marekani, na uliundwa kwa ajili ya jeshi. Ndege ya abiria ya Korea ilipopotea njia ikaingia anga la Urusi ya Kisovieti na kutunguliwa mwaka 1983, ilitangazwa kwamba raia wa dunia nao watapewa kuutumia bure. Hata hivyo, mpaka mwezi wa Mei mwaka 2000, ishara za raia zilitiwa kosa kwa makusudi, mtu akaweza kuonyeshwa meta 100 mbali na mahali alipo. Kirangozi ambaye angalifanya hivyo, wapagazi wangalimvua manyoya yake kabla ya jua kutua.

Narudi njiani. Asubuhi tuliiacha lami, tukashika njia ya udongo. Kwa saa mbili mambo yalikuwa mazuri, na mshale ulituonyesha mbele kwa unyofu. Kisha njia ikapinda kuelekea kusini, na mshale ukabaki palepale, ukionyesha kwamba kivuko kiko moja kwa moja mbele yetu, kilometa moja tu. Palikuwa na mwanamke akipalilia kando ya njia. Hatukumwuliza. Nalisema neno hili kwa aibu, maana ndilo kosa lenyewe, na mengine yote ni matokeo yake. Watu watatu, mmoja wao ana shahada ya udaktari katika lugha anayoisema mama yule, walipita mbele yake na kumsalimu kwa kichwa tu kwa sababu walikuwa na mshale.

Waliofika nyanda za Manonga na Wembere wakati wa masika wanaujua udongo wake mweusi. Kiangazi hupasuka nyufa ambazo mguu wa ndama huweza kuingia. Mvua ikinyesha hugeuka kuwa kitu ambacho si ardhi wala si maji. Hunata katika tairi, hujaa chini ya madigadi, na gurudumu husimama kama lililofungwa breki. Unakwangua kwa kijiti, unakwenda hatua kumi, unakwangua tena. Mwishowe, baiskeli niliyoizoea kunibeba niliibeba mimi begani, pamoja na mizigo yake, na mshale ulizidi kunipa habari njema: meta 600, meta 400, meta 200. Tulipofika kwenye nukta, kijisanduku kikalia kwa furaha. Tulikuwa katikati ya majaruba ya mpunga, na nyuma yetu tuta la jaruba moja lilikuwa limebomoka mahali watu watatu walipopita na baiskeli zao, na maji yalikuwa yakitoka.

Mzee mmoja alikuja na jembe begani, hakuharakisha. Tulimwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitika "Marahaba," akalitazama tuta, akatutazama miguu, akaanza kuziba pale palipobomoka bila kusema neno. Tukaweka baiskeli chini tukamsaidia kwa mikono. Alipomaliza ndipo aliponiuliza, "Mnatafuta nini humu, wanangu?" Nikasema tunatafuta kivuko. "Kivuko kiko kule," akaonyesha kusini, "kwenye ile miti. Kila mtu anakijua." Nikamwonyesha kijisanduku, labda nikitumaini kwamba kitanisaidia kujitetea. Akakishika kwa heshima, akakigeuza, akauliza, "Hiki hakikuwaambia kwamba hapa pana mpunga wa mtu?"

Sikuwa na jibu siku ile. Jibu la kitaalamu nililipata baadaye, nalo ni hili: ramani zetu za zamani zimechorwa juu ya msingi wa upimaji uitwao Arc 1960, na kijisanduku, kisipoambiwa vinginevyo, huhesabu kwa msingi wa WGS 84. Mahali pamoja pana digrii tofauti kidogo katika misingi hiyo miwili, na katika nchi yetu tofauti hiyo ni karibu meta 300. Mtu achukuaye digrii za karatasi akazitia katika kijisanduku bila kubadili msingi hupelekwa kaskazini ya mahali anapopataka kwa kiasi hicho. Kama unatafuta mji, meta 300 si kitu. Kama unatafuta kivuko katika mbuga wakati wa masika, ni tofauti ya kupita na kubomoa jaruba la mzee. Kosa lilikuwa langu, wala si la setilaiti. Nami nililipa, mzee alikataa fedha, akakubali sukari.

Nimesema nitawafikia wale wengine. Wapo wenzangu, watu wazima wenye heshima, ambao wakisikia kisa hiki hufurahi mno. Husema: tupa kijisanduku, uliza watu, kuuliza si ujinga. Aghalabu husema hivyo wakiwa ndani ya motokaa yenye dereva. Hao nawauliza: mmewahi kuuliza njia kwa baiskeli jioni, mkaambiwa "hapo tu," na "hapo tu" ikawa kilometa 18? Aliyewajibu hakusema uongo. Alipima kwa miguu yake na kwa desturi ya kutovunja moyo wa msafiri. Lakini pancha hutokea gizani, na adabu haizibi tairi.

Wenzangu hao hupenda kunitajia Susi na Chuma. Ni kweli kwamba David Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo mwaka 1873, watu wake waliuchukua mwili wake kwa miguu hata Bagamoyo, wakafika mwezi wa Februari 1874. Ni kweli pia kwamba walipofika Unyanyembe, hapa Tabora, mwezi wa Oktoba 1873, walimkuta Cameron, naye akachukua vyombo vya kupimia vya marehemu kwa ajili ya safari yake mwenyewe; nao wakaendelea hadi pwani, wakafika. Ni kisa kikubwa. Lakini kinathibitisha nini? Watu wale waliishi katika nchi hizo miaka mingi, walisema lugha zake, na kutoka Tabora kwenda pwani walipita njia iliyokanyagwa na maelfu. Kijana aliyezaliwa katika nyumba ya mjini hakurithi ujuzi huo kwa damu. Na Livingstone mwenyewe je? Saa zake za kupimia longitudo ziliharibika safarini, vipimo vyake vya Bangweulu vikawa na kosa, na aliporudi huko katika mwaka wake wa mwisho, alitangatanga majini akiwa mgonjwa, asipate kujua kwa hakika yuko upande gani wa ziwa. Kijisanduku kimoja kingalimjibu kwa dakika moja. Nani kati yetu angalimnyima?

Kuuliza peke yake nako kumekwisha kutupa somo. Wamisionari Erhardt na Rebmann, wakiwa pwani, waliwauliza wasafiri wa misafara habari za bara. Walioingia kwa njia ya kusini walisema njia huishia kwenye maji makuu. Walioingia kwa njia ya kati walisema vivyo hivyo, na wa kaskazini pia. Kila shahidi alikuwa mkweli. Basi katika ramani iliyochapishwa mwaka 1856 likatokea ziwa moja kubwa la ajabu, lenye umbo la konokono asiye na nyumba, ambalo limeyameza Nyasa, Tanganyika na Viktoria pamoja. Burton na Speke walitumwa kutazama, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857. Wao walikuwa na vyombo, na vyombo navyo vikawapotosha: walipima kimo cha Ziwa Tanganyika wakapata futi 1,850 hivi, ilhali tunajua leo kwamba ni zaidi ya futi 2,500. Waulizaji walikosea na wapimaji walikosea. Anitokee mtu basi aniambie kwamba moja ya njia hizi mbili yatosha pasipo nyenziye.

Ninapokataa jina la kirangozi, kwa hiyo, sikatai kifaa. Nakataa kumpa cheo cha dhamana yule asiyeweza kulaumiwa. Kijisanduku ni shahidi. Shahidi huulizwa, ushahidi wake hupimwa na wa wengine, kisha mwenye akili huamua. Kirangozi ni yule aamuaye, na katika msafara wetu wa Choma kirangozi nilikuwa mimi, nikajificha nyuma ya mshale.

Lakini shitaka langu kubwa liko mahali pengine, na washitakiwa ni sisi tunaofundisha lugha. Kwa nini Choma yetu haikuwamo? Kwa nini kivuko ambacho "kila mtu anakijua" hakina jina katika ramani yoyote niliyoiona? Setilaiti haiwezi kusikia majina. Majina hukusanywa na watu wenye masikio na daftari, na hiyo ndiyo kazi tunayolipwa mshahara kuifanya. Tumeandika tasnifu nyingi juu ya riwaya. Mimi mwenyewe nilipata shahada yangu kwa kuchambua vitenzi, wala katika miaka yote ile sikumwuliza mchunga ng'ombe hata mmoja huelekezaje mgeni.

Na utajiri uliopo ni wa kutisha. Katika nchi hii watu wameitwa kwa majina ya pande za dunia: Wasukuma ni watu wa kaskazini, Wadakama ni watu wa kusini, na iko *kiya* ya mashariki na *ng'weli* ya magharibi. Jirani hutajwa kwa upande alioko kutoka kwa msemaji, hata mtu mmoja huweza kuwa Msukuma kwa huyu na Mdakama kwa yule. Kiswahili chetu nacho kilipata kaskazini na kusini kutoka kwa pepo za bahari, kaskazi na kusi. Mkulima wa Choma ambaye hajaona jahazi akisema "kaskazini" hutaja upepo wa baharia. Pande hizi mbili za maarifa zimekutana Tabora kwa muda wa miaka 200 katika vinywa vya wapagazi, wachuuzi na waendesha baiskeli. Iko wapi kamusi yake? Tumewaachia wageni wakaandika majina kama walivyoyasikia, kisha tunalalamika kwamba kijisanduku hakijui Kiswahili.

Wala haisemeki kwamba haiwezekani. Iko ramani huria ya dunia, OpenStreetMap, iliyoanza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote huweza kuiandikia jina la mahali. Tangu mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam walishirikiana na wenyeji wa mitaa kuichora mitaa yao kwa ajili ya mafuriko, katika kazi iliyoitwa Ramani Huria. Huko Mara, watu wa kujitolea wamechora vijiji ili wasichana wanaokimbia ukeketaji waweze kufikiwa. Hao hawakubishana kama kijisanduku ni kirangozi au la. Walikishika mkononi wakaenda kuuliza majina. Hakuna sababu ya idara za Kiswahili kukaa nje ya kazi hiyo kana kwamba majina ni mali ya wapima ardhi.

Nadai jambo moja. Mwanafunzi wetu aendapo uwandani, apewe kijisanduku na daftari pamoja, afundishwe habari ya misingi ya ramani asije akabomoa tuta la mtu, na arudi na majina: ya kisima, ya mbuga, ya mti, ya kivuko, kila jina limeandikwa kama mwenyeji alivyolitamka, pamoja na maana yake ikijulikana, na neno "kiangazi tu" au "hupitika mwaka mzima." Ripoti isiyo na jina hata moja lililotoka kinywani mwa mtu isipewe alama. Najua baadhi ya wenzangu watasema kwamba hii ni jiografia. Waseme.

Mzee wa majaruba alitusindikiza mpaka kwenye miti. Kivuko kilikuwa na mawe yaliyopangwa chini ya maji, hayaonekani kwa mgeni, na watu wenye magunia walikuwa wakivuka wakizisukuma baiskeli zao polepole, kila mmoja akigusa jiwe kwa mguu kabla ya kulikanyaga. Nilimwuliza jina la mahali. Akanitajia, akalirudia mara mbili nilipokosea kulitamka, akasimama akinitazama nikiandika. Nililitia katika kijisanduku palepale, tukiwa tumesimama juu ya kivuko chenyewe, na niliporudi nyumbani nililitia katika ramani huria pia. Choma tulifika saa kumi na mbili jioni. Juzi nimeandika tena jina lake katika kijisanduku. Choma ya Zambia bado ndiyo ya kwanza, lakini chini yake iko ya pili, niliyoitia kwa mkono wangu.